Kutoka Mutanga hadi Trieste: Mtu anakuwaje mwanafizikia wa maada Afrika Mashariki?

Kampasi ya Mutanga, iliyo katika mitaa ya Bujumbura inayopanda kutoka Ziwa Tanganyika kuelekea vilima vya mashariki, ndiyo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Burundi. Kijana wa Mutanga Sud anaweza kufika chuoni kwa miguu. Lakini akitaka fizikia iwe kazi ya maisha yake, na hasa lile tawi linaloeleza kwa nini chuma hushika sumaku na kwa nini paneli ya sola hutoa umeme, safari yake itamtoa nje ya mtaa, nje ya jiji na mara nyingi nje ya nchi.

Makala haya yanaeleza safari hiyo hatua kwa hatua: tawi lenyewe ni lipi, ngazi zake za kitaaluma ni zipi, zinakatikia wapi, na nini kimefanyika katika miongo ya karibuni ili mtafiti wa Afrika Mashariki aweze kuzipanda bila kulazimika kuhama moja kwa moja.

Fizikia ya maada iliyotungamana ni nini?

Ni tawi linalochunguza vitu ambavyo chembe zake ziko karibu kiasi cha kuathiriana wakati wote. Humo mna vitu yabisi kama chuma, silikoni na fuwele za chumvi, na vimiminika kama maji. Kwa muda mrefu tawi hili liliitwa fizikia ya mango. Mwaka 1967 wanafizikia Philip Anderson na Volker Heine wa Chuo Kikuu cha Cambridge walilibadili jina kundi lao la utafiti ili lijumuishe pia vimiminika, na mwaka 1978 Chama cha Fizikia cha Marekani kikafuata mkondo huo.

Hoja ya msingi ya tawi hili ilielezwa na Anderson mwaka 1972 katika jarida la Science: chembe nyingi zikikutana huzaa tabia ambayo haionekani katika chembe moja. Atomu moja ya zebaki haiwezi kuitwa kimiminika wala kitu yabisi. Gramu moja ya chumvi ya mezani ina atomu zipatazo 2 ikifuatiwa na sifuri 22, na ugumu wa fuwele yake hautokani na atomu yoyote peke yake bali na mpangilio wa zote.

Matunda ya tawi hili yako mikononi mwa watu kila siku. Transista, kijiswichi ambacho ni msingi wa simu na kompyuta zote, ilitengenezwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani. John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1956 kwa kazi hiyo. Bardeen aliipata tena mwaka 1972, pamoja na Leon Cooper na Robert Schrieffer, kwa kueleza kwa nini baadhi ya metali zikipozwa sana hupitisha umeme bila kizuizi chochote. Jambo hilo lilikuwa limegunduliwa mwaka 1911 na Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes, na maelezo yake yalisubiri hadi mwaka 1957. Hadi leo Bardeen ndiye mtu pekee aliyepata Nobel ya Fizikia mara mbili.

Burundi nayo inaishi na matunda hayo. Kituo cha umeme wa jua cha Mubuga, katika mkoa wa Gitega, chenye uwezo wa megawati 7.5, kilianza kazi mwaka 2021 katika nchi ambayo, kwa takwimu za Benki ya Dunia, ni karibu asilimia 10 tu ya watu wanaopata umeme. Paneli za namna hiyo zinategemea tabia ya nusu-vipitishi: mwanga unapogonga, elektroni huchomoka mahali pake na kuanza kutembea.

Ngazi za kitaaluma

Katika vyuo vya Afrika Mashariki, majina ya vyeo hutofautiana kati ya nchi zinazofuata desturi ya Kiingereza na zile zinazofuata desturi ya Kibelgiji na Kifaransa, lakini ngazi zenyewe zinafanana.

Ya kwanza ni shahada ya kwanza. Tangu mageuzi ya mwaka 2011, Burundi inafuata mfumo unaofahamika kwa kifupi kama BMD: miaka mitatu ya shahada ya kwanza, miwili ya uzamili na mitatu ya uzamivu. Kwa hesabu hiyo, mtu anahitaji miaka isiyopungua minane ya chuo kikuu kabla ya kuitwa daktari wa falsafa, na hapo ni iwapo hakuna mgomo, vita, ukosefu wa ada wala msimamizi aliyehama.

Katika uzamili mwanafunzi hukutana kwa mara ya kwanza na lugha halisi ya tawi lake: mekanika ya kwanta, fizikia ya takwimu, nadharia ya fuwele. Katika uzamivu hupewa swali ambalo hakuna aliyekwisha kulijibu. Anaweza kuulizwa, kwa mfano, iwapo kiwanja fulani cha titani na oksijeni kinaweza kunasa mwanga vizuri zaidi kikichanganywa na nitrojeni kidogo.

Baada ya uzamivu huja miaka miwili hadi mitano ya utafiti wa mkataba, kwa kawaida katika chuo kingine. Kwa mtazamo wa jamii ya wanasayansi, kipindi hiki ndicho humtenganisha mwanafunzi wa fulani na mtafiti mwenye jina lake. Kisha kinafuata cheo cha kufundisha. Tanzania, kwa mfano, ina mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa kamili. Kupanda kutoka cheo kimoja hadi kingine hupimwa kwa makala zilizochapishwa katika majarida yenye wahakiki, wanafunzi waliosimamiwa hadi kuhitimu, na kazi ya kufundisha.

Ngazi ya chini kabisa, shahada ya kwanza, ipo karibu kila nchi ya eneo hili. Ya juu kabisa, yaani cheo cha uprofesa, ipo pia. Kwa miongo mingi zilizokosekana ni zile za katikati: uzamili wenye kiwango, uzamivu wenye msimamizi aliye karibu, na miaka ya utafiti baada yake. Hapo ndipo wengi waliposimama, au walipoondoka wasirudi.

Swali la Mpemba

Kisa kinachojulikana zaidi cha fizikia ya maada kutoka Afrika Mashariki kinaonyesha pengo hilo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba nchini Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliona kwamba mchanganyiko wake aliouweka kwenye friji ukiwa bado wa moto uliganda kabla ya ule uliopoozwa kwanza. Mwalimu wake alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne alilipeleka swali maabara.

Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba. Mjadala haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza Henry Burridge na Paul Linden walipima upya na kusema hawakupata ushahidi wa maana kuwa maji ya moto hupoa haraka zaidi. Wengine wameendelea kuichunguza athari hiyo katika mifumo tofauti na maji.

Linalosahaulika katika masimulizi ya kisa hiki ni alikoelekea Mpemba mwenyewe. Makala ilipochapishwa alikuwa akisoma katika chuo cha usimamizi wa wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na kazi yake ya maisha ikawa ya uhifadhi. Jina lake limo katika vitabu vya fizikia duniani kote, lakini hakuwahi kuwa mwanafizikia. Swali lilikuwepo, na mtu wa kulisikiliza alipatikana kwa bahati. Njia ya kumfikisha kwenye taaluma haikuwepo.

Aliyefika juu: Francis Allotey

Kwa mfano wa njia iliyokamilika, inabidi kutazama Afrika Magharibi. Francis Allotey alizaliwa Saltpond, Ghana, mwaka 1932. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1966. Utafiti wake ulihusu miali laini ya eksi inayotoka kwenye metali. Elektroni ikiondolewa ndani kabisa ya atomu huacha tundu, na tundu hilo huzivuta elektroni nyingine na kubadili umbo la miali inayopimwa. Hesabu alizoziunda kueleza mvutano huo zilibeba jina lake.

Allotey alirudi nyumbani. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Kwame Nkrumah mjini Kumasi, na mwaka 1974 akawa Mghana wa kwanza kuwa profesa kamili wa hisabati. Hadi alipofariki dunia Novemba 2, 2017, muda wake mwingi ulikuwa umekwenda katika kujenga vyombo vya wengine kupandia: Chama cha Fizikia cha Afrika, ambacho alikuwa rais wake wa kwanza, na taasisi ya sayansi ya hisabati ya AIMS nchini Ghana.

Bujumbura: chuo na misukosuko

Elimu ya juu Bujumbura ilianza na taasisi ndogo zilizofunguliwa miaka michache kabla ya uhuru wa Julai 1, 1962, wakati mji ukiitwa bado Usumbura. Mwaka 1964 taasisi hizo ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, ambacho baadaye kilichukua jina la Chuo Kikuu cha Burundi. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kifaransa, na watumishi wake waliotaka shahada za juu walizifuata Ubelgiji, Ufaransa na kwingineko.

Historia ya nchi iliingia madarasani. Mwaka 1972, katika mauaji yaliyowalenga hasa Wahutu waliosoma, ambayo waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000, wanafunzi wa chuo hicho walichukuliwa na hawakuonekana tena. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 21, 1993, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Usiku wa kuamkia Juni 12, 1995, wanafunzi Wahutu waliuawa ndani ya kampasi ya Mutanga yenyewe. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, majirani waliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi mwanzoni mwa 1999. Mwaka 2015, mzozo wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza ulipolipuka, chuo kilifungwa na mamia ya wanafunzi walipiga kambi karibu na ubalozi wa Marekani wakitafuta usalama.

Kwa taaluma inayohitaji miaka minane mfululizo kabla ya kutoa tunda lake la kwanza, athari ya matukio kama hayo ni kubwa kuliko inavyoonekana katika takwimu za waliouawa na waliokimbia. Mwalimu mmoja mwenye uzamivu akiondoka, wanaondoka naye wanafunzi ambao angewasimamia kwa miaka 30 ijayo. Idara hubaki na ratiba na vitabu, lakini hubaki bila mtu wa kumpa mwanafunzi swali jipya.

Upweke wa Salam

Tatizo hilo lilimkumba pia mmoja wa wanafizikia wakubwa wa karne ya 20. Mwaka 1951 Mpakistani Abdus Salam alirudi kufundisha Lahore baada ya masomo yake Cambridge. Alijikuta bila majarida mapya na bila mwenzake wa kujadiliana naye. Mwaka 1954 alirudi Uingereza, akibeba swali la jinsi ya kuwaepusha wengine na uamuzi kama wake, wa kuchagua kati ya nchi na taaluma.

Jibu lake lilikuwa Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, kinachojulikana kama ICTP, kilichofunguliwa mjini Trieste, kaskazini mashariki mwa Italia, mwaka 1964, mwaka uleule wa kuundwa kwa chuo kikuu cha Bujumbura. Salam, aliyepata Nobel mwaka 1979, alikuwa mtaalamu wa chembe za msingi, lakini fizikia ya maada ikawa moja ya nguzo za kituo hicho, kwa kuwa ndiyo inayogusa mahitaji ya nchi zinazoendelea: nishati, mawasiliano na madini.

Miongoni mwa mipango ya ICTP, miwili imebadili maisha ya watafiti wengi wa Afrika. Wa kwanza ni ule wa washirika: mwalimu wa chuo hubaki kwenye ajira yake nyumbani, lakini hupewa nafasi ya kwenda Trieste mara kadhaa ndani ya miaka michache ili asome, ajadiliane na aandike. Wa pili, ulioanza mwaka 1991, ni stashahada ya mwaka mmoja kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea wanaojiandaa kwa uzamivu, na fizikia ya maada ni mojawapo ya fani zake. Mpango wa kwanza humsaidia mtafiti asikauke baada ya kurudi nyumbani, na wa pili huziba pengo lililo kati ya shahada ya kwanza na uzamivu.

Kompyuta ilivyofungua mlango

Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, lilitoka ndani ya fizikia yenyewe. Kwa nadharia ya kwanta, tabia ya kitu yabisi inajulikana mtu akijua mwenendo wa elektroni zake zote kwa pamoja. Kwa kitu chenye elektroni 100 tu, hesabu hiyo ina vigeu 300, na hakuna kompyuta inayoweza kuikamilisha kwa njia ya moja kwa moja.

Mwaka 1964 Pierre Hohenberg na Walter Kohn walithibitisha kwamba, kwa kitu kilicho katika hali yake tulivu kabisa, inatosha kujua msongamano wa elektroni mahali popote ndani yake, jambo lenye vigeu vitatu tu. Mwaka 1965 Kohn na Lu Sham walionyesha namna ya kuifanya hesabu hiyo kwa vitendo. Kohn alipewa Nobel ya Kemia mwaka 1998, akishiriki na John Pople.

Tangu hapo mtafiti anaweza kuuliza maswali kuhusu nyenzo ambayo haijatengenezwa bado: itakuwa ngumu kiasi gani, itapitisha umeme au la, itanasa rangi gani ya mwanga. Programu za kufanya hesabu hizo zinapatikana bure. Inayotumika sana, Quantum ESPRESSO, ililelewa kwa sehemu kubwa Trieste. Makala za utafiti nazo zilianza kupatikana bure: hazina ya mtandaoni ya arXiv ilifunguliwa mwaka 1991, na sehemu yake ya fizikia ya maada mwaka 1992.

Kwa idara isiyo na maabara ya mamilioni ya dola, maana yake ni kubwa. Kompyuta ya kawaida inatosha kujifunzia na kufanya hesabu ndogo. Hesabu kubwa zinaweza kutumwa kwa mtandao hadi kituo cha kompyuta zenye nguvu cha Cape Town, Afrika Kusini, ambacho kimetumiwa na watafiti wa nchi mbalimbali za Afrika. Umeme ukikatika Bujumbura, hesabu inayoendeshwa Cape Town haisimami.

Kutoka Cape Town hadi Kigali

Mashine na programu haziundi mtafiti bila walimu. Kwa sababu hiyo Richard Martin wa Marekani, mwandishi wa kitabu kinachotumika sana cha muundo wa elektroni, na Nithaya Chetty wa Afrika Kusini, pamoja na wenzao, walianzisha shule ya Kiafrika ya mbinu za hesabu za elektroni, inayojulikana kwa kifupi kama ASESMA. Allotey na ICTP walikuwa miongoni mwa walioiunga mkono. Shule ya kwanza ilifanyika Cape Town mwaka 2010, ya pili Eldoret, Kenya, mwaka 2012, na nyingine zikafuata Johannesburg, Accra na Addis Ababa.

Washiriki hukaa pamoja kwa takriban wiki mbili. Hufundishwa nadharia asubuhi, hufanya hesabu mchana, na huondoka na mradi wa pamoja wanaouendeleza wakiwa makwao. Eldoret haikuchaguliwa kwa bahati: wanafizikia wa Kenya, akiwemo Nicholas Makau na George Amolo, walikuwa wamejenga huko kundi la utafiti wa nyenzo kwa kompyuta. Waliokwenda shule hizo kama wanafunzi wamerudi katika nyingine kama walimu.

Hatua iliyofuata ilikuwa taasisi ya kudumu. Mwaka 2018 Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, EAIFR, ilianza kazi Kigali ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ikiwa mshirika wa ICTP na chini ya mwamvuli wa UNESCO. Mkurugenzi wake mwanzilishi, Omololu Akin-Ojo kutoka Nigeria, ni mwanafizikia wa maada. Taasisi hiyo inatoa uzamili na uzamivu, yaani zile ngazi za katikati zilizokuwa zikikosekana.

Kwa barabara, Kigali iko chini ya kilomita 300 kutoka Bujumbura. Lakini umbali hupimwa pia kwa siasa. Mpaka wa nchi hizo mbili ulivurugika baada ya mzozo wa 2015, ukafunguliwa tena mwaka 2022, kisha Januari 2024 Burundi ikaufunga upya. Zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007.

Maabara bado ni swali

Hesabu peke yake haitoshi. Nyenzo iliyotabiriwa na kompyuta lazima itengenezwe na ipimwe, na hapo gharama hupanda. Kwa upande huu, eneo hili limetegemea sana Uppsala, Sweden. Chuo cha mji huo kilianza mwaka 1961 mpango wa kimataifa wa kusaidia fizikia katika nchi zinazoendelea. Utaratibu wake ni wa kwenda na kurudi: mwanafunzi wa uzamivu hufanya vipimo Sweden kwa miezi kadhaa, kisha hurudi chuoni kwake kuendelea na kazi, na shahada hutolewa nyumbani. Dar es Salaam na Nairobi zimejenga kwa njia hiyo utaalamu wa tabaka jembamba za nyenzo zinazonasa nishati ya jua.

Vifaa vikubwa zaidi havipo barani. Afrika haina hata mtambo mmoja wa miali ya sinkrotroni, chombo kinachotumia elektroni ziendazo kwa kasi kubwa kutoa miali mikali ya kuchunguzia muundo wa nyenzo. Kwa aina ya miali aliyoishughulikia Allotey mwaka 1966, mtafiti wa Kiafrika bado anaomba muda Ulaya, Marekani, au katika mtambo wa SESAME uliozinduliwa Jordan mwaka 2017.

Mawe ya Gakara

Kwa nini nchi yenye mahitaji mengi ijishughulishe na taaluma hii? Jibu moja liko Gakara, katika milima iliyo kusini mwa Bujumbura. Huko kuna mashapo ya madini adimu, hasa bastinesaiti na monazaiti, yaliyochimbwa tangu zama za Wabelgiji na tena kuanzia mwaka 2017. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha usafirishaji na kisha uchimbaji, ikilalamika kwamba mkataba hauinufaishi nchi ipasavyo.

Miongoni mwa metali zilizomo katika madini hayo ni neodimi. Ikiunganishwa na chuma na boroni hutengeneza sumaku zenye nguvu kuliko zote za kibiashara, zilizogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutumika leo katika mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Kwa nini neodimi na si metali nyingine? Ni kwa sababu ya namna elektroni zake zinavyojipanga ndani ya fuwele na kuzuia sumaku isigeuke upande wake. Hilo ni swali la fizikia ya maada, la aina inayoweza kuanza kushughulikiwa kwa kompyuta na programu ya bure.

Anayejua jibu ndiye anayejua thamani ya jiwe kabla halijapandishwa kwenye lori. Nchi inayojadiliana mkataba wa madini bila wataalamu wake hutegemea maelezo ya mnunuzi.

Nini kinaamua mustakabali

Mwanafunzi anayeanza leo Bujumbura anakuta njia tofauti na ile ya mwaka 1964. Chuo kikuu chake kina uzamili na shule ya uzamivu. Makala mpya zinasomeka siku zinapotoka. Stashahada ya Trieste ipo, na msimamizi anaweza kuwa Eldoret au Kigali badala ya Ulaya. Upweke uliomrudisha Salam Cambridge umepungua.

Yaliyobaki yako nje ya fizikia: mpaka ulio wazi, umeme usiokatika, mshahara unaomwezesha mwalimu kuandika badala ya kukimbilia kazi ya pili jioni, na miaka minane ya utulivu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji ugunduzi mpya wa kisayansi. Vyote ni maamuzi, na vinaamuliwa katika miji mikuu ya eneo hilihili.